Pazia ya Lesi Haizuii Mbu, na Mimi Ndiye Niliwauzia

Wasee, leo hakuna muziki, hakuna filta, hakuna ile "kabla na baada" yangu. Leo naandika tu. Naandika nikiwa na hasira, na nusu ya hiyo hasira ni yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe.

Mnakumbuka ile video yangu ya Januari? Ile ya veranda. Inaanza na veranda tupu ya simenti, napiga makofi mara moja, halafu pap! Pazia nyeupe zinapepea pande tatu, mkeka chini, taa ndogo za manjano, kikombe cha chai kinatoa moshi. Nikasema kwa mdomo wangu: "Mbu bai bai, veranda sasa ni sebule." Hiyo video ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Duka lililonipa kazi lilinilipa shilingi 8,000 na seti mbili za pazia. Seti moja nilibaki nayo. Ya pili niliitia kwa mfuko, nikaipeleka Ahero kwa mathe, nikajiona mtoto mzuri sana.

Sasa mniruhusu niwaeleze veranda ya mathe, kwa sababu kama huijui hiyo veranda hutaelewa kwa nini niko hivi.

Nyumba yetu iko uwanda wa Kano, si mbali na mashamba ya mpunga ya skimu ya Ahero. Yaani maji yamesimama hapo kama soda kwenye glasi, ekari kwa ekari, na mwenye kuishi ndani ya hayo maji mnamjua. Jioni ikifika, hakuna mtu anayekaa ndani ya nyumba. Mabati yamekunywa jua mchana kutwa, ndani ni tanuri. Kwa hivyo maisha yote yanahamia veranda. Mama anakaanga samaki na chapati za kuuza hapo pembeni, nje kidogo. Taa yenye nguvu iko hapo, kwa hivyo watoto wanafanyia homuwaki hapo. Majirani wanapita, wanakaa, wanakula umbea na karanga. Dani, nyanya yangu, ana kiti chake, na ukikikalia atakuangalia tu mpaka utoke. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, veranda ndiyo nyumba. Kitanda ni cha kulala tu.

Na kila kitanda nyumbani kwetu kina neti. Mama si mjinga, wala si mzembe. Neti za serikali tumezipata, tumezitundika, na usiku anapita na tochi kuangalia kama mguu wa mtoto umegusa ukuta wa neti. Shida ni hayo masaa manne.

Nilipompelekea pazia alifurahi mpaka akaita majirani. Akazitundika kwa kamba. Na hapa ndipo inaniuma: akaacha mambo mengine. Zamani ikifika saa moja alikuwa anawavalisha watoto suruali ndefu na soksi, na mdogo kabisa anaingizwa ndani ya neti mapema hata kama analia. Baada ya pazia, aliacha. Kwa nini ahangaike? Mtoto wake wa chuo amesema mbu bai bai. (Mtoto wa chuo niliacha chuo mwaka wa pili, uhasibu, karo iligoma. Lakini kijijini bado mimi ni mtoto wa chuo, na neno langu lina uzito ambao sikulifanyia kazi.)

Mwezi wa tano, mvua ikiwa imejaa, mpwa wangu akashikwa na homa. Yuko gredi ya pili. Siku ya kwanza wakadhani ni uchovu. Siku ya pili akaanza kutapika na macho yakawa mazito. Wakamkimbiza hospitali na boda, mama mbele, dadangu nyuma, mtoto katikati. Malaria kali, damu imeshuka, akaongezewa damu. Alilala wodini siku nne. Yuko sawa sasa, anacheza, anasumbua, asanteni kwa kuuliza.

Sitasema pazia ndiyo ilimletea malaria. Mbu angeweza kumuuma shuleni jioni, kwa jirani, chooni, popote. Sijui ni mbu gani na hakuna atakayejua. Lakini mama, tukiwa kwa benchi la hospitali, aliniangalia bila kelele yoyote akaniuliza: "Nyathina, si ulisema hiyo kitu inazuia?"

Wasee, sikuwa na jibu. Nimejibiwa vibaya na watu elfu kwa komenti na sijawahi kukosa jibu. Hapo nilikosa.

Usiku huo nilirudi nyumbani kulisha kuku na kuangalia Dani. Nikachukua njiti ya kiberiti nikaisukuma kwa pazia. Ikapita. Si kwa nguvu, ikapita tu, hata kichwa chake chekundu kikapita. Nikarudia mahali pengine, ikapita. Pale kwenye yale maua ya lesi, penye urembo, kidole changu kidogo kilikaribia kupita. Nikakaa kwa kiti cha Dani (alikuwa amelala) nikiangalia mbu wanaingia na kutoka kama abiria wa stendi.

Tuongee kuhusu tundu basi, maana hakuna mtu anayeongea kuhusu tundu. Neti ya kitanda ya kawaida ina tundu ndogo sana, kama 156 kwa kila inchi moja ya mraba. Tundu ya wavu wa kuzuia mbu inatakiwa iwe milimita 1.2 hivi au chini. Hapo mbu hawezi kukunja mabawa apite. Ikifika milimita mbili, tatu, hiyo si neti, hiyo ni mlango wenye mapambo. Njiti ya kiberiti ni kama milimita mbili. Kwa hivyo kipimo ni hicho hapo, cha shilingi kumi: njiti ikipita bila kusukumwa, mbu naye anapita, na hahitaji kupiga hodi.

Lile duka halikuwa na rula? Walikuwa nayo. Wanapima upana na urefu mpaka sentimita ya mwisho wanapokukatia. Tundu ndiyo hawapimi. Na mimi je, sikuwa na kiberiti? Nilikuwa nacho. Niliwashia ile mishumaa ya video.

Na si duka moja. Tangu ile siku nimezunguka sokoni Kisumu, nimeingia maduka ya pazia, nimeangalia matangazo ya wenzangu. Neno "neti" limekuwa uchafu. Shiya ni neti. Lesi ni neti. Kitambaa cha harusi kilichobaki ni neti ya veranda. Muuzaji anakuuliza unataka rangi gani, krimu ama nyeupe. Uliza tundu ni ngapi uone vile anakuangalia, kama umeomba nambari ya simu ya bibi yake. Na sisi makontenti krieta ndio tumepaka hii kitu sukari. Veranda ya kupendeza, veranda ya Bali, veranda ya hoteli. Tunauza pepeo. Mbu anakatwa kwenye editi.

Mtaniambia, "Buda, ni mapambo tu, nani alisema ni ya malaria?" Mimi nilisema. Na wewe ulisema pia, niliona kapsheni yako. Kama ni mapambo, andika mapambo. Kuna watu wanaishi mahali ambapo hilo neno "mbu" si la kupamba sentensi. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta vimelea kwa watoto kama 6 kati ya 100 ukichukua Kenya nzima. Ukija huku kwetu kandokando ya ziwa, ni 19 kati ya 100. Wewe wa Nairobi unauza pazia kwa mtu wa 6, lakini intaneti haina mpaka, anayenunua ni mtu wa 19.

Haya, nimejipiga na nimewapiga wenzangu. Sasa nahamia kwa wakubwa.

Tangu nizaliwe nimesikia wimbo mmoja tu: lala ndani ya neti. Kwa redio, kwa ukuta wa zahanati, kwa tisheti. Na ni ukweli, sitaki mtu atoke hapa akisema nimekataza neti ya kitanda. Neti za bure zilianza kugawiwa kwa wingi 2006 na zimeokoa watoto wengi, mimi mwenyewe nimo, nilikuwa mdogo. Mbu anayeitwa Anopheles funestus anapenda kuingia ndani usiku wa manane ukiwa umelala, na huyo neti inamkomesha. Lakini huku kwa mpunga tuna ndugu yake, Anopheles arabiensis. Huyo hana haja sana na chumba chako cha kulala. Anauma ng'ombe, anauma mtu, anauma nje, na hangoji ulale. Anakuja jioni, wakati mama anageuza samaki na mtoto anaandika sita mara saba.

Sasa niambie, tangazo la kulala ndani ya neti linamsaidia vipi mtoto saa moja na nusu jioni? Aingie kitandani saa hiyo? Afanyie homuwaki ndani ya neti na tochi? Nani ameamua kwamba mtu wa kijijini ana sehemu mbili tu za maisha, shamba na kitanda? Hapo katikati kuna masaa manne ya kuishi, na ndiyo masaa mazuri kuliko yote. Ndiyo masaa Dani anasimulia. Hakuna bango hata moja la hayo masaa.

Na si kwamba dunia haijui. Wamarekani walipokuwa wanachimba Mfereji wa Panama, 1904 mpaka 1914, daktari wao wa jeshi, William Gorgas, alijua kwamba homa ya manjano na malaria zinaletwa na mbu. Alimwaga mafuta kwenye madimbwi, akafukiza nyumba, lakini pia nyumba za wafanyakazi wa Kimarekani zilizungushiwa wavu wa waya mpaka kwenye veranda. Veranda, wasee. Walitumia waya ya shaba kwa sababu ya chuma ilikuwa inaliwa na kutu kwa ile hewa ya bahari na mvua. Kufikia 1906 homa ya manjano ilikuwa imeisha kule. Na ukitaka kujua dunia ilivyo, wale vibarua weusi wa kutoka Barbados na Jamaica, ambao ndio waliobeba mawe, wengi wao walilala kwenye mabanda na vyumba vya kukodi visivyo na wavu wowote. Kwa hivyo hii maneno ya "veranda ya wavu ni ya matajiri" ina zaidi ya miaka 100.

Nenda Diani leo, nenda Watamu, nenda hata hapa Milimani kwa wenye pesa. Veranda zao zimefungwa wavu vizuri, mlango unajifunga wenyewe, mgeni anakunywa juisi yake. Hakuna anayewaambia walale ndani ya neti saa kumi na mbili. Hakuna anayewaita waoga. Lakini mama wa Ahero akitaka kufunga veranda yake anaulizwa kama anafuga kuku.

Kuna utafiti ulifanywa Gambia, ukachapishwa 2009. Walichukua nyumba za kawaida za kijijini, wakaweka wavu kwenye milango na madirisha, na wakaziba ile nafasi kati ya ukuta na paa. Mbu ndani ya nyumba wakapungua zaidi ya nusu. Na watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, wale kama mpwa wangu, walikuwa 19 kati ya 100 kwenye nyumba zenye wavu na 30 kati ya 100 kwenye nyumba zisizo nao. Hiyo ilikuwa nyumba, si veranda, sitawapiga chenga. Mimi ndiye nachukua hatua ya pili: kama wavu unafanya kazi kwa mlango, na mbu wetu anatutafuta mlangoni kwa nje tukiwa tumekaa, basi sogeza huo wavu mita mbili mbele. Si elimu ya roketi.

Nilipoanza kusema haya kwa stori zangu, mlinirushia mawe ya aina mbili. Jiwe la kwanza: veranda ni ya upepo, ukifunga neti joto litatuua. Omera, nimekaa ndani yake. Upepo unapungua, ndiyo, nusu hivi kwa hisia yangu, usiku usio na upepo unausikia. Lakini bado ni nje. Bado unaona barabara, bado unamuita mtu wa mkate. Na ukilinganisha na koili, sitaki hata kubishana. Watu waliopima moshi wa koili ya mbu walikuta koili moja inatoa vumbi la moshi sawa na sigara zaidi ya 70. Mnakataza mjomba avute sigara moja karibu na mtoto, halafu mnaweka koili chini ya kiti cha huyo mtoto kila siku.

Jiwe la pili: "tumekulia na mbu na tuko hai." Sawa. Waliokulia na mbu na hawako hai hawana bando ya kukujibu.

Halafu kuna nyie wa mjini mnaopanga. Huku mimi nakaa kwa ploti, Kisumu, chumba kimoja na kibaraza cha mita moja na nusu. Nilimuomba landilodi ruhusa ya kupigilia fito nne kwa ukuta. Akakataa. Nikamwambia nitaziba mashimo nikihama. Akakataa, ati nyumba itaonekana vibaya. Hiyo nyumba mtaro wake umeziba tangu Machi, maji ya kijani yamesimama, viluwiluwi wanaogelea hapo kama wako kwa mashindano, na kinachoharibu sura ni fito zangu. Nikaweka fimbo mbili za pazia za kubana, zile zinajikaza ukutani bila msumari, nikaning'iniza neti hapo. Imesimama mpaka leo. Landilodi akipita anaangalia pembeni. Lakini si kila mtu ana kibaraza kidogo cha kubana na fimbo, na sioni kwa nini msumari uwe vita.

Na msidhani mjini mko salama. Yule mbu mwingine, Anopheles stephensi, aligunduliwa Marsabit mwisho wa 2022. Huyo ametoka Asia, anazaa kwenye matangi, ndoo, mapipa, yaani kila kitu mjini tunachowekea maji kwa sababu mfereji haupigi. Na wa Mombasa, nyinyi mna Aedes, mbu wa dengi na chikungunya, anayeuma mchana kweupe. Neti ya kitanda inamfanyia nini mtu aliyekaa barazani saa nne asubuhi akichambua mchicha? Barazani! Pwani ndiyo mlitufundisha kukaa barazani.

Basi turudi Ahero, maana nimesema nitasema vile tulifanya.

Mara ya kwanza tulikosea. Nilinunua neti sahihi, ya poliesta, njiti haipiti, nikaitundika kama pazia za zamani, kwa kamba, ikipepea. Mbu waliingia kwa chini. Waliingia kwa pembeni. Na pale juu, kati ya ubao wa mwisho na mabati, kuna nafasi ya mkono mzima, nilikuwa sijaiona kabisa kwa sababu kwenye video huwa sipigi juu. Kibaya zaidi, mbu akishaingia hatoki, kwa hivyo tulikuwa tumejifungia nao. Dani alisema afadhali zamani, angalau walikuwa na njia ya kwenda nyumbani.

Ndipo nikaita fundi, mzee anayetengeneza madirisha, akacheka kidogo halafu akafanya kazi. Juu, neti inapigiliwa: fito, neti katikati, fito nyingine, misumari. Haining'inii, imekazwa. Ile nafasi ya kwa mabati ikazibwa na kipande chake peke yake. Pande mbili fupi zimekazwa kabisa chini mpaka juu, kama dirisha. Mbele tu ndipo kuna pazia ya kufungua, na pale vipande viwili vinapokutana, kimoja kimepanda juu ya kingine kama hatua moja nzima ya mtu mzima. Chini, fundi cherehani alishona pindo pana, tukaingiza mnyororo mwembamba ndani yake. Upepo ukija, neti inasukumwa lakini haiinuki. Na sakafuni inalala kidogo, haiishii hewani. Ukipita unaifungua kama mtu anayeingia hemani, unaiachia, inajirudi yenyewe.

Jiko la mama limebaki nje ya neti. Hiyo alitaka kubisha, kwa sababu anapenda kukaanga akiwa kivulini. Lakini poliesta na cheche ni maadui. Inashika na inadondoka ikiwa moto, kwa ngozi ya mtoto. Kwa hivyo yeye bado anaumwa akikaanga, na hilo halijaisha. Anavaa soksi na leso mabegani na anajipaka dawa. Sijapata njia nzuri, mwenye nayo aniambie.

Gharama? Neti mita 10 kwa 180, hiyo ni 1,800. Mita tatu za ile nafasi ya juu, 540. Fito 900. Misumari na mnyororo 450. Cherehani 500. Jumla 4,190. Fundi wa mbao hakutaka pesa, alitaka samaki, na alipewa. Hospitali, ukihesabu dawa, kitanda, vipimo, nauli na chakula, ilitumaliza 11,650, na sijahesabu siku nne mama hakuuza kitu. Uhasibu sikumaliza lakini hiyo hesabu najua kufanya. Najua pia kwamba 4,190 si pesa kidogo huku. Ndiyo maana nasema, zile ofisi zinazogawa neti za vitanda zianze kufikiria neti za mita, za kukata kwa veranda, hata kama ni kwa bei nafuu tu. Serikali ya kaunti inaweza kununua roli ya neti kama inavyonunua viti vya mikutano.

Kitu kimoja tafadhali. Msikate neti mpya za vitanda mkafanye veranda. Najua kuna mtu ameshashika makasi. Ile ina dawa, ina kazi yake, na mtoto wako bado anahitaji kulala ndani yake. Ile iliyozeeka, imeisha nguvu, imepewa mwenzake mpya, hiyo sawa, kata, ziba madirisha, ziba juu ya mlango. Na msiipeleke ziwani kuvua, dawa yake inaua samaki na tundu zake zinabeba hata watoto wa samaki. Tumeshasema.

Sasa jioni mbu bado wapo, msifikiri nawauzia tena. Ukifungua pazia mara 30 kwa jioni moja, watano wataingia. Mama ana kitambaa chake cha kuwapiga. Watoto wamerudia soksi na suruali ndefu, na mdogo anaingia kwa neti yake saa moja, analia kama kawaida. Mtu akikuambia neti ya veranda inamaliza malaria, huyo ni mimi wa Januari. Mpuuze.

Ile video nimeifuta. Nilikaa nayo siku tatu kabla ya kuifuta kwa sababu ndiyo iliniletea nusu ya watu mnaosoma hapa, na siwezi kujifanya haikuniuma. Duka limenitumia ujumbe, ati nimevunja makubaliano, ati nirudishe pesa ama tutaonana. Nimewarudishia 5,000 kwa M-Pesa. Zile 3,000 nitazituma mwisho wa mwezi nikilipwa kazi nyingine. Pazia zao nazo ziko hapa, seti zote mbili, nimezifua na kuzikunja. Mkija kuzichukua mje na kiberiti.